Jenereta ya Byabato

Dar es Salaam
8 Februari 1988

Dada yangu Petronila,

Nakuamkia kutoka huku kwenye joto. Sisi hatujambo. Wifi yako Mariamu anakusalimu sana, na watoto pia. Yule mdogo ameanza kusema, na juzi alimwitikia mgeni kwa "waitu", sijui kalitoa wapi neno hilo la Kihaya maana humu ndani tunaongea Kiswahili tu. Mama anaendeleaje na macho? Dawa ya matone nimempa Mustapha, jirani yetu anayekuja Bukoba kwa meli. Ataiacha kwa baba mkwe wangu pale mjini, mtafute namna ya kuichukua.

Sasa nikueleze la kazini. Unajua kampuni yetu hii ya simu za redio inaendesha vituo vingi milimani kuzunguka ziwa, na vyote vinakula dizeli kama hicho cha hapo Kimwani. Dizeli inatoka hapa kwa treni, inavuka kwa meli, inapanda mlima kwa lori, na njiani nusu inayeyuka bila jua kuwaka. Mvua ikikata barabara, kituo kinazimika. Nimekuwa nikiwaambia wakubwa tangu mwaka juzi kwamba hatuwezi kuendelea hivi. Mwezi uliopita wakaniambia basi, wewe mhandisi, lete njia nyingine.

Njia nimeianzia hapahapa ofisini. Tuna chumba cha kompyuta ambacho viyoyozi vyake vinakula umeme kuliko mitambo yenyewe. Madirisha yanatazama jua la mchana, hayana hata pazia, na mashine zinawaka Jumapili wakati hakuna mtu. Nilizima zisizo na kazi, nikaweka mapazia, nikahamishia kazi nzito asubuhi kabla ya joto. Wakubwa walipoona tofauti ndipo wakanisikiliza. Huko milimani nataka kufanya vilevile: kwanza tutoe redio za zamani zenye kiu tulete ndogo, kisha hizo ndogo tuzilishe kwa jua. Kuna mabamba yanayopokea jua mchana na kulihifadhi kwenye betri. Nimeyaona kwa macho yangu, yanafanya kazi.

Nataka Kimwani iwe ya kwanza. Kwa hiyo mwambie ndugu yetu Byabato aniandikie mwenyewe, yeye ndiye anayekilinda hicho kituo. Ukungu unakaa mpaka saa ngapi kule juu? Kile kijito cha nyuma kina maji mwaka mzima? Anawasha jenereta jioni tu, au na asubuhi? Nimemwandikia tangu Novemba, hajibu. Mwambie asiwe mvivu wa kalamu.

Mdogo wako,
Karugendo


Kimwani, Muleba
20 Machi 1988

Mdogo wangu Karugendo,

Barua yako nimeipata wiki hii, imechakaa kama imetembea kwa miguu. Nashukuru Mungu kusikia mko salama. Mbusu huyo wa "waitu" kwa niaba yangu, na umwambie mama yake kwamba vitenge alivyoleta bado navivaa shuleni.

Mama yupo. Macho ndiyo yanazidi kufifia, anatujua kwa sauti na kwa hatua zetu. Chakula anakula kidogo. Dawa nitamwagiza mwalimu mwenzangu anayekwenda Bukoba kwenye mkutano. Mwaka huu ndizi ni nyingi, ila wa kuzila wamepungua. Nyumba ya Lwakatare imefungwa. Walikwisha wote, akabaki bibi, naye amechukuliwa na wa kwao huko Kagondo. Ukipita hapo unaona migomba imebeba mpaka imeanguka, mikungu inaiva chini, ndege wanashiba. Darasani kwangu sasa siulizi tena mtoto kwa nini jana hakuja.

Maswali yako nimeyachukua. Ukungu kule juu unakaa mpaka jua likipanda vizuri, hasa miezi ya mvua, ila Juni mpaka Agosti ni peupe toka alfajiri. Kijito usikitegemee, Julai kinabaki mawe. Jenereta inawashwa jioni, na asubuhi kukiwa na ujumbe wa hospitali au wafanyabiashara wa samaki wa visiwani.

Na mimi nina la kwangu. Ile oili chafu ya jenereta inateremka na mvua mpaka chemchemi yetu. Maji yana ngozi ya rangirangi, na yanapochemka nyumba nzima inanuka gereji. Tumelalamika, hakuna aliyekuja. Kama hayo mabamba hayatoi oili, yalete hata kesho.

Ila niambie kitu kimoja. Yanapiga kelele?

Byabato yuko nyumbani, upande wa chini wa kibanja, kwenye migomba. Hatoki. Ndiyo maana najibu mimi.

Dada yako,
Petronila


Dar es Salaam
14 Mei 1988

Dada Petronila,

Salamu nyingi wewe na Mama na wote. Sisi tupo, ila Mariamu anasema nimekuwa mkali siku hizi na sili. Ni kazi tu. Watoto wanakwenda shule vizuri.

Furaha yangu sijui niielezeje. Wamekubali! Mabamba yameagizwa, yatafika Mwanza Agosti. Ulivyonieleza ukungu nimekaa na hesabu zangu upya: tutaweka betri nyingi zaidi za kuvumilia siku za giza, na redio mpya ambayo inakula kama balbu moja. Kijito nimeachana nacho. Mapipa ya dizeli yote yatateremshwa. Udongo uliolowa oili tutauchimba tuutoe, nimeliandika hilo kwenye mpango nao wamelipitisha, chemchemi itajisafisha yenyewe mvua mbili tatu zikipita. Tena nimeomba umeme utakaozidi uteremshwe kwa waya mpaka zahanati, jokofu la chanjo la mganga, Bwana Maige, liache kutegemea mafuta ya taa. Hilo bado wanalijadili.

Umeuliza kelele. Hapana, dada. Hayana sauti hata kidogo. Utasimama karibu yake na utasikia majani.

Sasa jambo la Byabato limeanza kunisumbua. Umesema hatoki, anaumwa? Umeandika kwa namna ambayo nimeisoma mara nyingi sielewi. Halafu Omary, fundi wetu wa Mwanza anayepokea ripoti za jioni, amekuja huku kikazi. Nikamuuliza, "Kimwani wanaripoti?"

Akasema, "Wanaripoti vizuri kuliko vituo vyote."

"Na Byabato mzima?"

Akanitazama. "Mimi nasikia sauti ya mwanamke," akasema. "Anasema Byabato ana mafua, yeye anamsaidia. Mafua hayo yana muda sasa."

Dada, kuna nini huko?

Karugendo


Kimwani, Muleba
3 Julai 1988

Mdogo wangu Karugendo,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Mariamu akiwa karibu mwite akae nawe.

Wote tuliobaki tunakusalimu. Nimeandika "tuliobaki" na sitalifuta neno hilo.

Byabato alifariki Desemba, kabla ya Krismasi. Amelala upande wa chini wa kibanja, jirani na Baba. Nilipokuandikia kwamba yuko huko na hatoki sikukudanganya, lakini pia sikukuambia.

Alianza kukonda mwaka jana baada ya Pasaka. Unamjua, alitoka vitani na mguu wenye chuma na hakulalamika hata siku moja. Safari hii vilevile hakulalamika. Koti lake la jeshi likawa kama limetundikwa kwenye mti. Watu wakasema ni Juliana, huu ugonjwa wa kukonda walioupa jina la kitambaa cha magendo, kama wanavyosema kwa kila mtu sasa, wakaacha kupita uani kwetu. Wengine walikuwa wanatupa salamu kutoka barabarani bila kupunguza mwendo. Aliendelea kupanda mlima huku shemeji yako Getruda amemshika kiuno. Mwisho akawa anakaa juu ya pipa na kumwonyesha mkewe kwa fimbo: fungua hapa, vuta, subiri ipumue, sasa zungusha. Akilaumu akacheka, akicheka akakohoa. Getruda akajifunza hivyo.

Siku ya kumzika watu walikuja wachache. Tulikuwa tumekaa kwenye nyasi za msiba, jua linateremka, mara jenereta ikawaka mlimani. Wewe huwezi kujua ilivyokuwa. Ule mngurumo wa jioni ambao miaka yote ulikuwa ni yeye. Mzee Rugaibula wa jirani akasimama na kofia mkononi. Wanawake wawili wakakimbia wakaacha viatu. Na Mama, ambaye tangu asubuhi hakutoa chozi wala neno, akainua uso akageukia mlima, akasema, "Huyo Byabato ameamka."

Alikuwa ni Getruda. Hatukumwona alipoondoka. Hospitali ilikuwa imetuma mtu na ujumbe wa redio kuhusu mama aliyeshindwa kujifungua visiwani, na hakuna mwingine anayejua kuwasha. Mwanamke huyo aliokolewa, na mtoto.

Tangu siku hiyo kila jioni Mama anasogeza kigoda mlangoni. Getruda anawasha, Mama anatikisa kichwa, anakula. Siku dizeli inapokosekana, hagusi chakula. Hajamlilia mwanawe mpaka leo. Anajua tumezika, mchana anakwenda kwa fimbo yake kugusa kaburi. Lakini jioni anamsikia. Na si yeye peke yake. Watoto shuleni hawapiti njia ya mlimani, wanasema marehemu analipwa mshahara. Hata mimi, Karugendo, mimi mwalimu, ikiwaka nikiwa peke yangu jikoni, naitika.

Kwa nini nilikuficha? Kwa sababu mwaka jana kule kisiwani mlinzi wa kituo alikufa, kampuni yenu ikafunga kituo, na mama mmoja akafa uchungu wa siku nyingi huku mtumbwi unatafuta wa kumpelekea habari. Na kwa sababu kituo kikifungwa Getruda hana pa kusimama. Ukoo umekwisha kumwambia arudi kwao, wanasema yeye ndiye alileta ugonjwa, kana kwamba si Byabato aliyekuwa anavuka mpaka na biashara zake za vitambaa baada ya vita. Akiwa na kazi wanamwogopa kidogo. Wewe hujui kudanganya wakubwa wako. Ungejua wewe, wangejua wao. Nilizuia hata tangazo la kifo redioni.

Nisamehe au usinisamehe, utachagua. Lakini nakuomba: mabamba yako lete, chemchemi inayahitaji. Ila iache na jenereta. Iwashwe hata kidogo tu jioni. Sijui Mama atafanya nini siku mlima ukinyamaza.

Petronila


Dar es Salaam
2 Agosti 1988

Dada,

Siwezi kuandika salamu ndefu. Mariamu alinisomea barua yako baada ya mimi kushindwa kuimaliza. Amewapigia simu kwao Bukoba, baba yake anakuja kuwapa pole kwa niaba yangu kabla sijafika. Sijakukasirikia. Nimekaa na hasira siku kadhaa nikitafuta pa kuipeleka, haikwenda kwako.

Nami kuna nililokuficha, ingawa nililisikia Aprili. Niliwaeleza wakubwa moshi, oili, barabara, gharama, miti inayokatwa kupanua njia ya lori. Walisikiliza kwa adabu. Kisha Mkurugenzi akasema, "Tatizo letu la kweli kule Kagera si dizeli, ni walinzi. Tunawafundisha, wanakufa. Jua haliugui." Meza nzima ikakubali. Mpango wangu ulipita kwa sentensi hiyo, dada, si kwa zangu. Nikatoka pale nikiwa nimepata nilichokitaka na siwezi kumwambia mtu.

Baada ya barua yako nilirudi ofisini kwake. Nikamwambia ndugu yangu ndiye mmoja wa hao. Akanipa pole, na nadhani alimaanisha. Nikamwambia, "Mzee, jua haliugui, lakini betri zinaugua zikikosa mtu. Zinataka maji. Mabamba yanataka kufutwa vumbi na kinyesi cha ndege. Nyasi zinataka kufyekwa, kivuli kidogo tu kinapunguza nguvu. Tukijenga vituo visivyo na watu vitakufa navyo." Akaniuliza nani atakaa Kimwani. Nikamtajia Getruda kwa jina lake kamili, nikamwambia ndiye aliyekuwa akiripoti tangu Desemba. Omary alikuwa amekwisha mwambia hivyo hivyo.

Amekubali. Barua ya kazi ya Getruda ninayo mimi, nitamkabidhi mbele ya ukoo. Waya wa zahanati pia umekubaliwa.

Lakini jenereta haiwezi kubaki. Nimeliomba hilo pia, naomba uniamini. Ikibaki, dizeli itaendelea kuletwa, na chemchemi itaendelea kunuka. Nakuja na mzigo mwenyewe. Tutamwambia Mama pamoja.

Karugendo


Kimwani, Muleba
13 Novemba 1988

Mdogo wangu Karugendo,

Hatujambo huku, na senene wameanza. Watoto wanarudi na makopo yamejaa. Nakutumia waliokaangwa, anawaleta huyu jirani yenu Mustapha, uwape watoto wako wajue wametoka wapi.

Uliondoka haraka siku ileile lori lilipoteremsha jenereta kutoka mlimani, ukasema meli haisubiri. Kwa hiyo hukuiona jioni yake. Nakuandikia uione.

Mimi, wewe na Getruda tulikuwa tumemwambia Mama kwamba jenereta inaondoka, unakumbuka, naye akasema "haya" kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Jua lilipoteremka akasogeza kigoda chake mlangoni. Nilijifanya napepeta mchele. Ndege walinyamaza, giza likaanza kuingia kwenye migomba, na hakuna kitu. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nikagundua kwamba tangu vita viishe sijawahi kuisikia jioni ya hapa kwetu. Vyura, mtoto wa jirani analia, mtu anapasua kuni mbali sana.

Mama akauliza, "Hajawasha?"

Nikaweka ungo chini. Getruda alikuwa anateremka kutoka kituoni, amekwisha toa ripoti kwa hiyo redio yako mpya. Akapiga magoti mbele ya kigoda akashika miguu ya Mama.

"Mama, Byabato hawashi tena," akasema. "Siku zote nilikuwa mimi."

"Wewe?"

"Mimi, Mama. Tangu siku ya maziko."

Mama akampapasa uso, akampapasa mikono mpaka kwenye vidole. Nilidhani atamsukuma. Mwanamke yule, Karugendo, hakuna aliyekuwa amemgusa uso tangu mwaka jana. Kisha Mama akapiga yowe. Lilitoka chini kabisa, likaenda likagonga mlima. Watu wakatoka majumbani, wale wale waliokuwa wanatusalimu kutoka barabarani, wakajaa uani. Mzee Rugaibula akaleta nyasi akazitandaza kwa mkono wake. Tukamlilia Byabato mpaka asubuhi, kama ilivyotakiwa kuwa Desemba. Asubuhi Mama akaomba uji, akanywa bakuli zima akiwa amelaza kichwa kwenye bega la Getruda. Ukoo haujataja tena habari ya Getruda kurudi kwao.

Mabamba yanafanya kazi. Wiki iliyopita ukungu haukuondoka siku nzima, kesho yake vilevile, nikasema sasa tutaona. Redio haikukatika. Jokofu la Maige nalo linagandisha, anakaribisha watu waguse barafu. Oili bado tunaiona kwenye chemchemi lakini si kama zamani.

Sasa nataka kukuuliza. Ulipovua shati kupandisha yale mabamba niliona mgongo wako. Nimemkanda Byabato mgongo kwa maji ya moto miezi mingi, naujua mgongo wa namna hiyo. Ulikohoa nyuma ya nyumba ukadhani hatusikii. Mariamu amesema huli, umesema ni kazi. Sikukuuliza hapa kwa sababu Mama alikuwa karibu. Usiniandikie kwamba uko salama. Tumekwisha fichana vya kutosha.

Kama ndivyo, njoo nyumbani. Usiku ni kimya sasa. Utalala.

Dada yako,
Petronila


Dar es Salaam
9 Desemba 1988

Dada yangu,

Senene wamefika. Mdogo alikataa, mkubwa alikula mpaka akaumwa tumbo. Tulicheka sana siku hiyo.

Ndivyo, dada. Nilipima Machi, ninao ugonjwa huo. Nilijua wakati Mkurugenzi anasema jua haliugui, nikiwa nimekaa pale mezani na kalamu mkononi. Ndiyo maana nilikuwa na haraka na mabamba. Mariamu amepima mara mbili, yeye hana, na watoto hawana. Tumelia kwa hilo kwa namna zote mbili, ya shukrani na ya uchungu.

Amekataa kuniacha nije peke yangu. Baba yake ametupa nyumba Buhembe, pale Bukoba, kwa ajili ya watoto na shule, na mimi nitakaa kwenu huko Kimwani, Mariamu atakuwa akija na kurudi. Kazi nimemwachia kijana mwelewa. Vituo vingine vya ziwa vitafuata mwakani, kila kimoja na mtu wake, hilo limeandikwa na kutiwa sahihi. Wasipolitimiza Omary atapiga kelele, ameniahidi.

Tunapanda treni baada ya mwaka mpya. Mwambie Mama mwenyewe, mwambie yote, usimfiche. Na tafadhali msinitayarishie kile chumba cha nyuma, kama mgonjwa wa kufichwa. Nataka cha mbele, kinachopakana na chake, asikie ninapokohoa, aweze kunijia kwa fimbo yake.

Karugendo